Yaya, tuende pwani gani?

*Yaya, dada yetu mkubwa, tunakusalimu. Sisi ni wamama sita wa likelemba, tunaochanga feza na kupokea kwa zamu, komini ya Katuba, Lubumbashi. Mwaka huu tuliapa kwamba feza isiishe yote kwa unga na shule. Zamu ya mwisho tumeiweka kando, na mwezi wa saba, watoto wakifunga masomo, tunataka kwenda kuiona bahari. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Tutakuwa na watoto saba, mkubwa ana miaka 14, mdogo ana 5. Hatujui kuogelea, wala sisi wala wao. Picha tumeonyeshwa nyingi mpaka vichwa vinauma: Zanzibar, Bagamoyo, Dar es Salaam, Tanga. Kila mtu anasifia kwake. Utuambie ukweli: pwani ipi?*
Wamama wa likelemba, Katuba

Wamama wapenzi,

Barua yenu nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama yangu kwa sauti. Amesema niwajibu vizuri, kwa sababu yeye alifika miaka 78 bila kuiona bahari na mimi ndiye niliyempeleka, nikiwa nimechelewa sana. Kwa hiyo nawajibu kama ninavyowajibu wadogo zangu.

Nilianza kwenda Dar kutafuta viatu na vyombo vya jikoni mwaka 2006. Safari tatu za kwanza nililala Kariakoo, nikaamka Kariakoo, nikafunga mizigo, nikapanda basi kurudi. Bahari niliiona kama kipande cha bati kinachong'aa nyuma ya makontena. Safari ya nne nikachukua mabinti zangu wawili, nikasema sasa twende tukaoge. Mtu mmoja wa kuuza safari alinionyesha picha ya Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja: maji ya rangi ya kijani kibichi yakigusa mizizi ya minazi. Nikalipa. Tukafika saa nne asubuhi, watoto wameshavaa nguo za kuogea chini ya magauni, na maji hayakuwepo.

Nisikilizeni vizuri. Sisemi yalikuwa machache. Mbele yetu kulikuwa na uwanja wa mchanga na majani, unaenda mbali zaidi ya kilomita moja, mpaka kwenye mstari mweupe wa mawimbi yanayopiga mwamba. Mitumbwi imelala ubavu. Wanawake wameinama katikati ya uwanja ule, wanafunga mwani kwenye kamba. Binti yangu mdogo alianza kulia. Mimi mwenyewe nilidhani kumetokea jambo baya. Bibi mmoja aliyekuwa anatoka huko na gunia la mwani kichwani akaniona nimesimama, akauliza ninatoka wapi. Nikamwambia Lubumbashi. Akatua gunia. "Hii bamvua, mwanangu," akasema. "Yakienda, yanakwenda kweli. Na yakirudi, yanarudi kweli. Kaa ule, saa kumi utayaona." Saa kumi jioni maji yalikuwa yanagusa mizizi ya minazi, kama kwenye picha. Lakini basi letu la kurudi mjini lilikuwa limeondoka saa tisa.

Ndiyo sababu sitawajibu "pwani nzuri ni hii" kabla hamjaelewa maji kujaa na maji kupwa. Sisi watu wa Katanga tumezoea maji yanayokaa mahali pake. Ukienda Kipopo asubuhi au jioni, ziwa liko palepale. Bahari haikai. Kila siku inajaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila kesho yake inachelewa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, au siku unapoandama, maji yanakwenda mbali sana na kurudi kwa nguvu: hiyo ndiyo bamvua. Huko Unguja tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua inafika karibu mita 4, yaani zaidi ya urefu wa mlango na nusu. Mwezi ukiwa nusu, maji yanacheza kidogo tu, wenyeji wanayaita maji mafu, na jina lisiwatishe: kwa mtu mwenye watoto wasiojua kuogelea, maji mafu ni rafiki.

Na hapa kuna siri niliyoipata baada ya kurudi mara nyingi. Katika mwambao ule, siku za bamvua maji huwa yamepwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, wakati hasa mgeni anapofika pwani na taulo lake. Siku za mwezi nusu mambo yanageuka: saa hizo maji yako juu. Mwezi wa Jambiani na mwezi wa Katuba ni mmoja. Tokeni uani jioni, mtazame ulipoandama, mhesabu siku saba au nane, ndipo mpange siku yenu ya kuoga. (Mkumbuke tu kwamba saa za Tanzania ziko mbele ya zetu kwa saa moja.)

Jambo la pili ni upepo. Mmesema mwezi wa saba. Mwezi wa saba ni Kusi, upepo unaotoka kusini na kusini-mashariki, unaotawala tangu kwenye mwezi wa tano mpaka wa tisa. Ni majira mazuri ya hali ya hewa: masika imekwisha, jua halichomi sana, usiku kuna baridi kidogo ambayo sisi, tunaotoka kwenye baridi ya mwezi wa sita ya hapa, hatuihesabu kuwa baridi. Lakini Kusi inapiga upande wa mashariki usoni. Paje, Bwejuu, Jambiani zote zinaipokea. Vijana wa kuteleza juu ya maji kwa tiara kubwa wanaipenda Paje kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto wa miaka mitano hataipenda. Kwa hiyo mwezi wa saba tafuteni pwani iliyoipa Kusi kisogo.

Sasa ninaweza kutaja.

Mkiwa na siku chache na hamtaki kuvuka mbali, nendeni Mbudya. Ni kisiwa kidogo cha hifadhi ya bahari, kaskazini mwa Dar. Mnapanda boti Kunduchi, mnalipa kiingilio cha hifadhi, mnafika kabla mtoto hajaanza kuuliza tutafika lini. Mchanga mzuri uko upande unaotazama bara, kwa hiyo upepo unazuiwa na kisiwa chenyewe. Kuna vibanda vya makuti vya kukodi, samaki wa kukaanga na chipsi, mibuyu nyuma yenu, na mnaweza kuwaona watoto wote saba kwa jicho moja. Mama yangu nilimpeleka hapo. Alikaa kwenye maji yaliyofika kiunoni, kikwembe chake cha kujifunga kikielea pembeni kama jani, akakataa kutoka mpaka mwenye boti alipokuja kumwomba mwenyewe. Nikifa nikasahau mengine, hilo sitalisahau. Ombeni majaketi ya kuokolea kabla ya kupanda, na mkiambiwa hayatoshi watoto, msipande boti hiyo.

Mkiwa na siku tano au zaidi, vukeni Unguja mkae Kendwa, kaskazini-magharibi. Hapo maji hayakimbii. Saa yoyote utakayoteremka, bamvua au maji mafu, unaoga. Inaungana na Nungwi kwa pwani. Maji yakipwa mnatembea kwa miguu mpaka kule wanakojenga majahazi kwa mikono, mbao juu ya mbao, na watoto wenu wakubwa wataona kazi ambayo hawataiona Lubumbashi. Kasoro yake ni moja: pana wageni wengi na muziki usiku. Tafuteni nyumba ya kulala iliyo nyuma kidogo, kijijini, ambako bei pia inashuka. Na siku moja, siku ya mwezi nusu, ajirini gari dogo liwapeleke Jambiani mkaone upande ule niliouchukia kisha nikaupenda. Wale wanawake wa mwani wamelima hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa kamba zile. Wamama wa likelemba mtaelewana nao haraka.

Bagamoyo nawaomba mwende, na nawaomba msiende kuoga. Maji ya pale yana rangi ya udongo, kwa sababu mto Ruvu unamwaga matope yake karibu na mji, na pwani ina mikoko. Anayewaambia kwamba ni pwani ya kuogelea amewauzia picha. Lakini mtu wa Katanga ana haja na Bagamoyo kuliko mgeni mwingine yeyote. Misafara iliyokwenda bara ilianzia hapo na kuishia hapo. Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajenga Bunkeya huku Katanga na kutawala mpaka alipouawa mwezi wa kumi na mbili mwaka 1891, alikuwa anapeleka shaba, pembe za ndovu na watu kuelekea mwambao huu. Kiswahili hiki ninachowaandikia kilipanda kuja kwetu kwa njia hiyo, kwenye midomo ya wapagazi na wafanyabiashara. Nilisimama pale sokoni kwa samaki, nikamsikia mzee anahesabu chaza, moja mbili tatu, kama bibi yangu wa Kamalondo anavyohesabu mayai. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba moja ya zamani nikashindwa kuondoka. Waambieni watoto wakubwa habari hiyo mkiwa palepale, wakanyage mchanga huo wakijua. Ni mwendo wa kama saa mbili kutoka Dar, asubuhi mnakwenda, jioni mmerudi.

Coco Beach, Dar, ni ya jioni. Maji yakiwa yamepwa mnaona miamba mingi, si mahali pa watoto kuoga. Nendeni Jumapili kwa mihogo ya kukaanga na mishikaki, mkae mkaone watu.

Tanga mwaka mwingine. Ni mbali kwa wanawake wenye watoto saba ambao wameshalala barabarani.

Maana barabara yenyewe ni karibu kilomita 2,000: Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Nakonde na Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro. Wengine huingia treni ya TAZARA Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 mpaka Dar, lakini kwa mwezi wa saba wenye siku za kuhesabu mimi nachukua basi, kwa sababu treni ikichelewa inachelewa kwa siku. Wapangieni watoto dirishani mkishuka mlima Kitonga, na tena mkipita Mikumi, barabara inapokata mbuga: twiga na tembo mnawaona bila kulipa. Pasipoti ya kila mtoto, na kadi ya njano ya homa ya manjano, maana anayetoka kwetu anaulizwa. Mtoto ambaye si wenu, barua ya wazazi wake iliyopigwa muhuri. Zanzibar wataangalia pasipoti tena mkishuka kwenye boti, na nauli ya mgeni kwenye boti hiyo ni kubwa kuliko ya mwenyeji, msigombane na mkata tiketi. Pandeni boti ya asubuhi, kabla Kusi haijaamka. Tafuneni tangawizi.

Viatu vya plastiki kwa kila mguu. Kwenye miamba kuna vidude vyeusi vyenye miiba mirefu kama sindano. Ukikanyaga, unalala siku mbili. Na mkitoka majini mjifunge vikwembe kabla ya kuingia kijijini. Ni vijiji vya Waislamu, watu wanapita kwenda msikitini. Hawatawaambia kitu, kwa adabu yao, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na adabu yetu.

Hamjui kuogelea: basi maji yaishe kiunoni mwa mama, na mama asimame upande wa kina, mtoto upande wa mchanga. Wawili wanaoga, wanne wanatazama, mnabadilishana. Msiache kazi hiyo kwa mtoto wa miaka 14. Yeye pia amekwenda kuiona bahari.

*Yaya, ninaoa mwezi wa kumi na moja hapa Lubumbashi. Mchumba wangu hapendi makelele. Tuna wiki moja na feza ya kuhesabu. Ndugu wanasema Zanzibar au usiende kabisa. Kuna mahali pengine?*
Bwana harusi, Kampemba

Mdogo wangu, hongera. Pengine papo, na panaitwa Ushongo, kusini kidogo mwa mto Pangani. Mkipita Tanga mnavuka mto, mkija kutoka upande wa Bagamoyo hamvuki, mnafika kwenye pwani ndefu ya minazi ambayo siku za kazi utakutana na wavuvi na mbwa wawili. Nililala hapo siku nne, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya nazi inayoanguka.

Kutoka hapo muombe boti hadi Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuwa wanapanda kutaga. Miti ikaisha, bahari ikala udongo, na leo kimebaki fungu la mchanga mweupe linalotokea maji yakipwa na kuzama maji yakijaa. Mnakaa juu yake kwa saa chache, mwambao wote uko mbali, kisha nahodha anawaita kwa sababu ardhi inapungua. Nimewaona watu wazima wanyamaze hapo. Mwende na mwavuli, hakuna kivuli hata cha kidole.

Lakini tarehe uibadilishe. Mwezi wa kumi na moja ni mvua za vuli, na barabara ya udongo ikilowa, gari linakuwa jahazi. Muoane mwezi huo kama mlivyopanga, safari msogeze mpaka mwezi wa kwanza. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, itakuwa imeshika, mbingu safi, joto kali. Msioge mdomoni mwa mto Pangani hata wenyeji wakionekana wanaoga. Maji ya mto na ya bahari yanapogongana yana nguvu ambayo juu haionekani.

Ndugu wanaosema Zanzibar au hapana, waulize kama watachangia.

*Binti, nimesoma unasifia bahari kila mara. Mimi nilifanya kazi Kalemie miaka mingi. Tanganyika yetu ina mchanga, ina mawimbi, na maji yake hayachomi macho. Kwa nini unawapeleka watu nje?*
Mzee wa Ruashi

Baba, nimekusikia, na una haki. Ukisimama pwani ya Kalemie jioni, jua likiwa nyuma yako na milima ya Tanzania inafifia ng'ambo, hakuna mtu anayeweza kukuambia hiyo si bahari. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina chake kinapita mita 1,400. Mchanga wa kuelekea Moba ni mzuri kuliko wa Coco Beach, ninalisema bila kupepesa. Maji matamu, hakuna kupwa, hakuna kuhesabu mwezi.

Ninachoogopa ni kumpeleka mgeni na watoto halafu nimwache achague mwenyewe. Ziwa lina mamba, na penye matete au midomo ya mito hapafai kuogea hata kama pamenyamaza. Penye maji yaliyotulia na konokono kuna kichocho pia. Anayeoga Tanganyika aoge penye mchanga mweupe, maji angavu, mawimbi kidogo, na mahali wavuvi wa hapo wanapowaogesha watoto wao. Wewe unapajua, msafiri wa Katuba hapajui.

Basi nakuomba kitu, baba. Niandikie pwani tatu unazozijua wewe, kutoka Kalemie kushuka Moba: ulipokuwa unaoga na watoto wako, saa ngapi, upepo ulikuwa unatoka wapi, nani alikuwa anauza ndakala (dagaa) za kukaanga karibu. Nitaziandika hapa kama ulivyozisema, na mwezi wa nane nitakwenda mwenyewe kuziona.